Pete Nyeupe ya Bibi Agnesi

Mwezi wa Juni, nyumbani kwetu Sumbawanga, hakuna mtu anayetoka kitandani kwa hiari. Upepo hushuka kutoka milima ya Lyamba lya Mfipa, hupita chini ya mlango bila kubisha hodi, na hukaa sebuleni mpaka jua lipande. Mama ndiye huamka kwanza, kwa sababu maharage yake hayawezi kujiuza yenyewe sokoni. Huwasha jiko la mkaa uani, husubiri mkaa ukolee wote, ndipo huliingiza ndani na kuacha dirisha wazi, maana anaogopa hewa ya mkaa kuliko anavyoogopa baridi. Mimi huamka mwisho, nikiwa nimevaa sweta mbili na soksi za shule.

Karibu na jiko hilo huketi Bibi Agnesi, mama yake Baba. Kila mwaka akimaliza kuvuna ulezi wake kule kijijini Mwimbi huja kukaa nasi mpaka baridi ipungue. Baba ni dereva wa lori na mara nyingi yuko njiani, kwa hiyo Mama akiwa sokoni, Bibi ndiye humlea Viki, mdogo wangu, ambaye bado anatambaa na anaamini kila kitu duniani kiliumbwa ili kitiwe mdomoni.

Mikono ya Bibi ni mikono ya jembe. Baridi ikija, ngozi yake hupasuka kama shamba lililokosa mvua. Dawa yake ni ileile kila asubuhi: huchota mafuta, hujipaka mpaka kwenye viwiko, halafu huinyoosha mikono juu ya makaa na kuigeuzageuza. Watu wa umri wake huko kwetu wanasema mafuta yasiyooteshwa moto hukaa juu ya ngozi kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Mikono ikishapata joto, Bibi humpakata Viki na kumsugua mashavu.

Miaka mingine alitumia mafuta ya kawaida ya mgando. Mwaka huu Mama alinunua kopo jeupe kutoka kwa mchuuzi mmoja anayeleta bidhaa kutoka mpakani Kasesya. Kopo halikuwa na jina, wala anwani, wala maandishi ya aina yoyote. Mchuuzi aliyaita mafuta ya baridi, na hilo likatosha. Kusema kweli yalifanya kazi. Mikono ya Bibi ililainika. Mama naye alijipaka usoni, na uso wake ukaanza kung'aa na kuwa mweupe, mpaka wanawake wa jumuiya yetu ya Kikristo wakawa wanamuuliza anakula nini.

Mimi naitwa Stefania. Nasoma kidato cha pili katika shule ya bweni ya masista, na nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nina sifa mbili zinazojulikana mtaa mzima. Naongoza darasani katika kemia, na hakuna mtu anayeamini ninachosema.

Sifa hiyo ya pili niliipata kwa juhudi. Niliwahi kuishona na kuiziba mikono ya sweta ya Baba, akahangaika nayo asubuhi nzima akidhani amenenepa. Niliwahi kuweka mlio wa jogoo kwenye simu ya Bibi na kuificha darini, naye akapekua nyumba nzima akiwa ameshika kisu na sufuria. Niliwahi pia kumpigia Mama simu kwa sauti ya mkuu wa shule, nikamweleza kwa masikitiko kwamba binti yake Stefania ni mwema mno na anawatia aibu wenzake. Mama alijibu kwa adabu kwamba lazima amekosea namba.

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa asubuhi ile Bibi alipoinyanyua mikono yake kutoka kwenye moto na kuitazama kwa muda mrefu.

Bibi ana pete moja tu. Ni ya dhahabu, nayo alivishwa kanisani siku ya jubilei ya ndoa yake, wakati babu akiwa hai. Watoto wake wote walichanga kuinunua. Haivui akilima, haivui akifua, haivui akilala. Asubuhi ile pete ilikuwa nyeupe, yenye kijivu kidogo, kama kipande cha bati.

Bibi hakushtuka. Alinitazama, akatabasamu kidogo.

"Mke mwenzangu," aliniita. Hilo ndilo jina analonitania nalo, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Safari hii umenipata. Umeivuaje bila mimi kuamka?"

Nilimwambia sijavua kitu. Akacheka. Nikamwambia tena. Akacheka kidogo zaidi, akaongeza kwamba hiyo ya bandia imetengenezwa vizuri, hata ukubwa wake ni sawasawa, na kwamba masista wanafanya kazi nzuri huko shuleni. Akaivua kwa shida, akaniwekea kiganjani.

"Chukua bati lako. Niletee dhahabu yangu."

Kufikia mchana alikuwa ameacha kucheka. Kufikia jioni alikuwa ameacha kuniita mke mwenza. Aliniita kando, mbali na Mama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hatanishtaki kwa Baba. Atasubiri mpaka Jumapili baada ya misa. Pete isipokuwa imerudi, atapanda gari la Mwimbi, na hatalala tena nyumba moja na mimi.

"Mzaha una mwisho wake, Stefania," alisema. "Ile siyo yangu peke yangu. Ni ya babu yako pia."

Nililala vibaya. Si kawaida yangu kushtakiwa kwa kosa ambalo sikulifanya, na sikuwa na uzoefu wowote wa kujitetea. Katika makosa yangu mengine, kazi yangu ilikuwa kukiri nikijaribu kuzuia kicheko.

Kesho yake niliichunguza pete kwenye mwanga wa dirisha. Haikuwa nyeupe yote. Upande wa ndani, mahali ilipobana kidole, kulikuwa bado na mabaka ya njano. Wakati huohuo Bibi alikuwa kwenye kigoda chake akijipaka mafuta, na nikaona jinsi anavyoyasukuma kwa kidole gumba kuzunguka mahali ambapo pete ilikuwa. Hapo nikakumbuka somo moja la kemia. Mwalimu alitueleza kwamba wachimbaji wadogo hutumia zebaki, ile metali nyeupe inayotiririka kama maji, kwa sababu zebaki hukamata dhahabu. Zikikutana, dhahabu hupoteza rangi yake ya njano.

Nikaenda uani, ambako Mama alikuwa anapepeta maharage, nikamwambia kwamba nadhani mafuta ya kopo jeupe yana zebaki.

Mama hakuinua hata kichwa. "Na sabuni ina nini? Mamba?"

Nilijaribu kumweleza habari za pete. Aliniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia zebaki ni sumu, na Bibi anaiotesha moto kila asubuhi halafu anampaka Viki. Aliacha kupepeta, akajishika shavu, lile lililokuwa linasifiwa na jumuiya nzima, akasema kwa upole wa kutisha kwamba mtu aliyeiba pete ya bibi yake asijaribu kuyatupia mafuta kosa hilo. Kisha akaendelea na maharage.

Sikumlaumu. Ningekuwa mimi, nami nisingeniamini.

Ilibaki njia moja: kumpata mtu ambaye neno lake linakubalika, akaseme badala yangu. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi anaitwa Husna, na baba yake, Mzee Shamsi, ni sonara mwenye kibanda cha kazi karibu na soko. Nilimfuata Husna kwao. Aliposikia shida yangu alirudi nyuma hatua moja, kwa tahadhari.

"Hii siyo kama ile ya chatu kwenye mkoba?"

"Hapana. Niape?"

"Usiape," alisema Husna. "Wewe ukiapa ndipo naogopa zaidi."

Hata hivyo alinipeleka. Nilimwamkia Mzee Shamsi, akaitikia marahaba bila kuondoa macho kwenye mkufu aliokuwa anautengeneza. Nilipoweka pete mezani, ndipo aliponitazama. Alisema mtoto huleta pete kwa sonara kwa sababu mbili tu, ameiokota au ameiiba, na kwamba yeye hanunui ya aina yoyote kati ya hizo. Nilimwambia siuzi. Nilitaka kujua tu kama ni dhahabu.

Alivaa kioo chake cha kukuzia, akaigeuza pete polepole. Kisha akaigeuza tena, na safari hii alitulia mahali pamoja.

"Hii naijua," alisema. "Ililetwa hapa na dereva mmoja wa lori, inambana mama yake. Niliikata, nikaongeza kipande, nikaunga. Kiungo changu hiki hapa. Anaitwa Adolfu. Ndiye baba yako?"

Nikasema ndiye. Sijawahi kufurahi kiasi kile kutajwa kuwa mtoto wa mtu.

Alikwangua kidogo kwa ncha ya sindano. Chini ya weupe ukatokea mstari mwembamba wa njano. Akaiweka pete chini, akanawa mikono kwa sabuni kabla ya kusema neno jingine. Alisema ni dhahabu, na kwamba imekunywa zebaki. Aliwahi kuona nyingi za namna hiyo kutoka kwa watu wa machimboni, lakini si kwenye mkono wa bibi wa Mwimbi.

Nilimwomba aisafishe, nikiwaza Jumapili. Alisema zebaki hutoka kwa kuchomwa, ila yeye hachomi. Mzee aliyemfundisha usonara alizoea kuchoma dhahabu ya wachimbaji ndani ya chumba kilichofungwa. Zebaki ikipata moto hugeuka mvuke, na mvuke huo hauonekani wala hauna harufu. Mwishoni yule mzee alishindwa hata kushika kikombe cha chai, kwa jinsi mikono ilivyokuwa inatetemeka.

Kisha aliniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza mwenyewe.

"Bibi yako, mikono yake inatetemeka?"

Tangu mwanzo wa mwezi Bibi alikuwa anamwaga uji akiunywa. Alikuwa halali vizuri, alilalamika kwamba mdomo una ladha ya chuma, na fizi zilimuuma. Viki naye alikuwa analia hovyo usiku. Sisi tulisema ni baridi. Kwetu, mtu akitetemeka mwezi wa Juni hakuna anayeuliza sababu.

"Inatetemeka," nilisema.

Mzee Shamsi alichukua simu yake, akaniomba namba ya Mama, akampigia palepale. Alijitambulisha, akaeleza habari ya pete na mafuta kwa utaratibu, kama mtu anayesoma tangazo msikitini. Kisha akasikiliza. Halafu akaniangalia kwa mshangao mkubwa.

"Anasema nikwambie kwamba sauti ya mzee hujaipata vizuri. Anasema ya mkuu wa shule ilikuwa bora zaidi."

Husna alijiziba mdomo kwa mtandio. Mimi sikuona cha kuchekesha, na hilo lilinishangaza mimi mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mbele ya mtu mzima mwenye ushahidi mkononi, lakini ukweli ulikuwa umekwama njiani kwa sababu ulipitia kwangu.

Nilimwachia pete, nikarudi nyumbani taratibu. Njiani nilitunga hila kadhaa za kuwafikisha Mama na Bibi pale kwa sonara. Moja ilihusu mgeni kutoka Wampembe, kule ziwani, aliyeleta samaki wa bure, na ilikuwa nzuri sana. Niliziacha zote. Nilimkuta Bibi na Viki mapajani, akimsugua mashavu, nikapiga magoti mbele yake.

"Bibi, pete yako iko kwa Mzee Shamsi, sonara. Sikuibadilisha. Naomba uende ukaione kwa macho yako, na uchukue lile kopo la mafuta. Lishike wewe mwenyewe, mimi nisiliguse."

Alinitazama machoni, akitafuta kicheko. Hakukikuta. Nadhani hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

Jumamosi tulikwenda wote. Mama alifunga biashara yake mapema, akambeba Viki mgongoni, akasema anakwenda kushuhudia mwisho wa mchezo huu ili baadaye anichape akiwa na habari kamili. Bibi alilibeba kopo ndani ya kikapu chake, chini ya kanga. Mimi niliambiwa nitembee nyuma yao, mbali kidogo, kama mshtakiwa.

Mzee Shamsi alimwamkia Bibi, "Shikamoo, mama," akampa kiti. Alimwonyesha kiungo, akamwonyesha mstari wa njano pale alipokwangua. Bibi alikubali kwamba pete ni yake. Lakini kuhusu mafuta alitikisa kichwa. Alisema pete inaweza kuharibiwa na mambo mengi, na mjukuu wake ana akili nyingi kuliko anavyohitaji.

Hapo nilimwomba Mzee Shamsi kipande cha shaba. Masonara huwa nacho, kwa kuchanganya na dhahabu. Nilieleza tulichojifunza shuleni: shaba ikikutana na mafuta yenye zebaki, zebaki huiacha krimu na kung'ang'ania shaba, nayo shaba hubadilika rangi. Mama aliuliza kama kipande hicho nimekiandaa tangu jana. Bibi akamaliza ubishi. Aliinuka, akachagua mwenyewe kipande kutoka kwenye kisanduku cha sonara, akamwamuru Husna akisugue kwa msasa mpaka kiwe chekundu. Mzee Shamsi alimvalisha Bibi glovu na kumpa kijiti. Bibi akachota mafuta kutoka kwenye kopo lake kwa kijiti kile, akayasambaza juu ya nusu ya shaba. Nusu nyingine akaiacha.

Tulisubiri. Nje, kijana wa bodaboda alikuwa anabishana na abiria. Viki alitaka kuushika mkufu wa mteja, akanyimwa.

Mzee Shamsi alipoyafuta mafuta kwa kitambaa, nusu moja ya shaba ilikuwa nyekundu kama mwanzo. Nusu ya pili ilikuwa nyeupe, ikimetameta kama kijiko kipya.

Mama alikitazama kipande kile, akatazama kopo, kisha akashika pembe ya kanga yake na kuanza kujifuta shavu. Alijifuta, akajifuta tena, mpaka Bibi akaushika mkono wake na kuushusha.

"Nimempaka mtoto," alisema Bibi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila siku nimempaka mtoto."

Kutoka pale tulikwenda moja kwa moja kituo cha afya. Muuguzi wa zamu aliitwa Sista Margareth, mtawa mfupi mwenye miwani, anayeuliza maswali kama anayehesabu mayai yasivunjike. Alitazama fizi za Bibi, akamwambia anyooshe mikono, akaipima kwa macho jinsi ilivyotetemeka. Alimvua Viki nguo akamkagua viganja na nyayo. Alituambia kipimo cha zebaki hakifanyiki pale, ila watachukua mkojo wa Bibi, Mama na Viki na kuupeleka maabara kubwa, na kwamba daktari atawaona tena majibu yakija. Kwa sasa dawa ya kwanza ni kuacha.

Mama aliuliza, huku akiangalia sakafu, kama uso wake utarudi. Sista alisema rangi yake itarudi, na kwamba huo ndio uso ambao Mungu alimpa. Alichoogopa yeye hakikuwa uso. Zebaki iliyomo kwenye mafuta ya namna ile hupenya kwenye ngozi, ikaenda kwenye figo na kwenye mishipa ya fahamu. Mtoto mchanga na aliye tumboni huumia zaidi, hata kama hajapakwa: mchanga hugusa mikono, taulo na mito ya waliojipaka, na wa tumboni huipata kupitia kwa mama yake. Na kuotesha moto kuliongeza ubaya, maana joto huirusha zebaki hewani, na kila aliye chumbani huivuta.

Alituagiza tufue taulo, foronya na blanketi la Viki, tunawe mikono kwa sabuni, na kopo tulifunge vizuri tulikabidhi kwa bwana afya. Tusilitupe jalalani, tusilichome, tusilitumbukize chooni. Na tangu siku hiyo, mafuta yasiyo na jina la aliyeyatengeneza wala orodha ya vilivyomo, na yale yanayong'arisha ngozi kwa haraka, tuyaache dukani.

Bibi, ambaye sasa alikuwa anaishuku dunia nzima, aliuliza zebaki imejificha wapi tena. Sista alitaja kipimajoto cha zamani cha kioo, na zile taa ndefu nyeupe za mirija. Kimoja kikivunjika chumbani, watoto watoke, madirisha yafunguliwe, na hata kama ni Juni jiko lisiingizwe. Mtu asifagie, kwa kuwa ufagio huitawanya zebaki, na asiishike kwa mkono. Akusanye vipande kwa karatasi ngumu, apanguse kwa kitambaa kibichi, aviweke vyote kwenye chombo chenye kifuniko na kumwita bwana afya. Alitaja dhahabu inayochomwa jikoni kwenye sufuria za chakula. Bibi akauliza na samaki je, maana aliwahi kusikia. Sista alisema baadhi ya samaki wakubwa wanaokula wenzao huweza kukusanya zebaki mwilini, lakini dagaa ni wadogo na wanaishi muda mfupi, kwa hiyo ale dagaa wake kwa amani. Bibi alionekana kupata nafuu palepale.

Jumapili, baada ya misa, jumuiya ilikutana nyumbani kwetu. Gari la Mwimbi lilipita bila Bibi. Kidole chake kilikuwa kitupu, na wanawake walikiona kabla hata ya kuketi. Mzee Shamsi alikuwa ameifungia pete kwenye chupa ndogo yenye kifuniko. Alikuwa amemweleza Bibi kwamba wapo wenye mitambo ya kuchomea isiyoachia mvuke, na kwamba atamtafuta mmoja wao. Bibi alimjibu kwamba kama hakuna, pete ibaki nyeupe. Babu hangependa mtu augue ili yeye apendeze.

Mama Sebastiani, jirani yetu, ndiye aliyeuliza. Alikuwa na uso mweupe kuliko mikono yake, na alikuwa mteja wa mchuuzi yuleyule. Bibi aliwaeleza yote, tangu jikoni mpaka kituo cha afya. Hakuficha kwamba alinishuku. Alipomaliza, aliniita nisimame karibu yake.

"Huyu mke mwenzangu alinizoesha uongo wa kuchekesha," alisema. "Kwa hiyo siku alipokuja na ukweli usiochekesha, sikumfungulia mlango. Hilo ni kosa lake, na analijua. Mafuta nayo yalinilainishia mikono, nikayapenda, sikuyauliza yametoka wapi. Hilo ni kosa langu. Anayesema ukweli siku zote hahitaji kwenda kwa sonara kutafuta shahidi. Na sisi watu wazima, kinachotupendeza ndicho tukiulize maswali kwanza. Makosa yetu mawili yalikutana kwa Viki, ambaye hakumkosea mtu."

Majibu ya maabara yalikuja baadaye, nikiwa nimesharudi shuleni. Mama alinieleza kwa simu, baada ya kuhakikisha kwa maswali matatu ya familia kwamba anayezungumza naye ni mimi. Zebaki ilikuwepo kwa wote, nyingi zaidi kwa Bibi, kidogo kwa Viki. Vipimo vilivyofuata vilionyesha inapungua. Bibi alikuwa analala usiku mzima, na alikuwa amerudia mafuta yake ya mgando. Bwana afya alimpata yule mchuuzi, akagundua kwamba na yeye alikuwa anawapaka wanawe mafuta yale. Aliyanunua kwa ndoo na kuyapima kwenye makopo, wala hakujua kilichomo. Alisalimisha ndoo nzima.

Lakini siku ile ya jumuiya hayo yote yalikuwa hayajajulikana. Kulikuwa na wengine waliojishika mashavu, na wengine walioangalia pembeni. Mama Sebastiani hakuamini. Alinigeukia mimi, kwa macho ya mtu ambaye mwaka jana alipokea barua ya mapenzi kutoka kwa katekista, barua ambayo katekista hakuiandika.

"Stefania," alisema. "Hiyo shaba iligeuka kweli, mbele ya macho yako?"

Nilikuwa na jibu la kuchekesha mdomoni, tayari kabisa. Lilihusu uso wake. Nililimeza.

"Ndiyo, shangazi. Iligeuka."

Alisubiri niongeze kitu. Sikuongeza. Alijifunga kanga yake vizuri, akaenda nyumbani kwake kuchukua kopo.